Hiki kidude cha chuma chenye ndoano ni cha nini? Nimekitoa kwa stoo ya mzee

MtuWaSection58

Habari zenu wadau, naomba msaada na msinicheke. Mzee wetu alituacha mwaka juzi, na ni mwezi huu ndio mathe amekubali tufungue stoo yake ya nyuma hapa Nakuru, ile hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuingia hata kama unatafuta jembe. Mnajua wazee na stoo. Tumetoa kabureta tatu za Peugeot 404, jeki mbili mbovu, mikebe ya Kimbo imejaa misumari iliyopinda (alikuwa anainyoosha Jumapili baada ya kanisa, mmoja mmoja, na nyundo ndogo), risiti za mbolea za tangu Nyayo, halafu chini kabisa kwa gunia la katani lililofungwa kamba mafundo matatu, kukatoka hiki kitu.

Picha inakataa kupanda kwa hivyo wacha nieleze. Ni chuma, nzito kuliko inavyoonekana, ukubwa wa nusu mkate. Rangi ya kijivu, imebambuka. Mbele kuna matundu ya mistari mistari. Nyuma kuna ndoano lakini si ndoano ya kuanika nguo, ni bapa na pana, kama ya kuning'iniza kwa kitu nyembamba. Chini kuna kitu kimoja tu cha kuzungusha, na kinazunguka vizuri mpaka leo, laini kabisa. Halafu waya mweusi mnene wa mpira, urefu kama wa mkono wangu, na sasa sikilizeni hapa: mwisho wa huo waya haujakatwa na kisu. Umeng'olewa. Nyuzi za shaba zimetoka nje kama ndevu za mahindi.

Nimemwonyesha mathe, akaangalia mara moja akasema "rudisha kwa gunia" akaingia jikoni. Mimi ni mtu wa miaka 44, siwezi kuambiwa rudisha kwa gunia nikarudisha tu. Kijana wangu anasema ni intakomu ya geti. Brathe yangu mkubwa anasema ni kitu ya polisi tukitupe haraka. Mzee alikuwa dereva wa kampuni maisha yake yote, hakuwa fundi wa redio na polisi aliwaogopa kama watu wengine. Nani anajua?

DogoKiamunyi

Hiyo ni blututhi ya enzi za Kenyatta, iko na waya juu hewa ilikuwa bado haijafika Nakuru 😂😂

FundiKondele

Omera wacha utani, mtu ameuliza kitu serious.

Mkuu mimi natengeneza redio na TV hapa Kondele mwaka wa ishirini na mbili huu. Chukua ule msumari mmoja wa mzee, usogeze polepole pale mbele kwa matundu. Ukivutwa, kuna sumaku ndani, basi hiyo ni spika. Na kama ni spika, hicho cha kuzungusha ni cha sauti. Intakomu haiwezi kuwa, intakomu lazima iwe na kitufe cha kubonyeza ndio uongee. Ila hiyo ndoano ndio inanisumbua. Spika ya kuning'iniza wapi sasa?

MtuWaSection58

Fundi msumari umeshika paap! Nikaweka wa pili ukashika, wa tatu nao ukashika. Kwa hivyo ni spika. Lakini ya nini? Sisi nyumbani redio ilikuwa moja tu na ilikuwa na spika yake ndani.

MstaafuNjoro

Kijana, pole kwa kuondokewa na mzee. Usikitupe hicho kitu na usimsikilize huyo wa polisi.

Hiyo ndoano ni ya kioo cha gari. Hicho ni kipaza sauti cha draivini, ile sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Nimekijua kabla sijamaliza kusoma, ulipofika kwa "bapa na pana" nikacheka peke yangu mpaka mama wa nyumba hii akauliza kuna nini.

Mimi nilifanya kazi Nairobi tangu 1971 hadi nilipostaafu nikaja kulima huku Njoro. Kulikuwa na draivini mbili kubwa, Belle Vue kule Mombasa Road na Fox kule Thika Road. Nyinyi vijana mkienda Nairobi mnasikia makanga anaita "Bellevue! Bellevue!" na stage ingine Thika Road inaitwa Drive-In, karibu na Allsops, mnashuka mnaenda zenu hamjiulizi hayo majina yalitoka wapi. Yalitoka huko. Sinema ilienda, jina likabaki na matatu.

Sasa ilikuwa hivi. Unafika jioni, unalipa kwa kibanda bila kutoka kwa gari, unazima taa kubwa unaingia na zile ndogo. Ndani ni uwanja mkubwa kama wa mpira mara kadhaa, na ardhi haikuwa tambarare, ilikuwa imeinuliwa matuta matuta, mstari nyuma ya mstari, umepinda kama upinde kuelekea skrini. Unapandisha magurudumu ya mbele kwa tuta, gari inaangalia juu kidogo kama jogoo anakunywa maji, na hiyo ndio ilifanya aliye nyuma asione kisogo cha gari ya mbele. Skrini yenyewe ilikuwa kubwa sijapata kuona nyingine, ni kama ukuta wa ghorofa umepakwa chokaa.

Kando ya kila gari kuna mlingoti mfupi wa chuma na spika mbili zimening'inia, moja yako na moja ya jirani. Unashusha kioo, unachukua spika yako, unaivuta ndani na waya wake, unaning'iniza hapo juu ya kioo, halafu unapandisha kioo kiibane. Basi. Sauti iko kwa sikio lako wewe na familia yako. Nje hakuna kitu unasikia ila vile vispika vyote mia kadhaa vinanong'ona pamoja, chi chi chi chi, kama nyuki wamejaa uwanja. Hiyo sauti ya kutembea kati ya magari usiku ukienda kantini kununua soseji ndio naikumbuka kuliko filamu yoyote niliyoona pale.

Kama spika yako ni mbovu, na nyingi zilikuwa mbovu hasa mvua ikinyesha, unahama mlingoti. Baridi ya Julai mnakuja na blanketi. Vioo vinajaa mvuke kwa pumzi mpaka unapangusa na kitambaa kila dakika tano, na mvua ikianza unawasha waipa unatazama mapenzi kati ya waipa ikienda na ikirudi. Watoto wanaletwa wamevaa nguo za kulala tayari, hata nusu ya filamu hawafiki. Projekta ikikatika ni honi tu na taa, watu mia wakipiga honi pamoja. Na ikiisha, lazima kuwe na gari tatu nne betri imekufa juu mtu alisahau taa, mnasukumana huko gizani na suti za Jumapili.

Sasa swali langu kwako ni moja. Waya wa mzee wako umeng'olewa. Unajua maana yake?

KijanaWaBondeni

Mzee aliiba spika ya watu 😭

MstaafuNjoro

Sijasema kuiba! Mtu anasahau iko kwa kioo, anawasha gari anaenda. Ilitokea kila wiki. Mpaka waliandika kwa skrini mwisho wa filamu, tafadhali rudisha spika mahali pake kabla ya kuondoka. Na bado unasikia waya ukikatika "taa!" upande ule, unajua mmoja ameenda nayo.

MtuWaSection58

Mzee wangu asante sana, lakini hapa sasa naona tumepotea. Sisi ni watu wa Nakuru. Nairobi ni kilomita karibu 160. Baba yangu hakuwa anaenda sinema, hata TV alikuwa anaangalia habari ya saa moja halafu anazima na kusema stima ni pesa. Alafu gari hatukuwa nayo, gari ilikuwa ya kampuni. Labda aliinunua mahali kama skrepa?

DogoKiamunyi

Ngoja kwanza. Watu wanaenda sinema alafu wanakaa kwa gari?? Si ni heri wakae nyumbani. Nani alifikiria hii kitu

FundiKondele

Dogo hii sasa ni ya kwangu, historia ya spika naipenda kuliko chakula.

Ni Mmarekani mmoja anaitwa Richard Hollingshead, wa New Jersey. Alianza na kuweka projekta juu ya boneti ya gari yake nyumbani kwake, akapigilia shuka kwa miti, akaweka redio nyuma ya shuka, akakaa ndani ya gari kuona kama inawezekana. Halafu akawasha ile mashine ya kunyunyizia nyasi maji juu ya kioo ili ajue mvua ikinyesha itakuaje. Jamaa alikuwa makini! Yale matuta ya Mzee wa Njoro ndio uvumbuzi wenyewe, alipewa hati ya kumiliki wazo hilo Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huo huo akafungua ya kwanza duniani, pale Camden. Senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu.

Lakini shida ilikuwa sauti. Hapo mwanzo hakukuwa na hizi spika za kioo, walipiga sauti na spika kubwa karibu na skrini. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde moja, picha inafika papo hapo, kwa hivyo aliye nyuma mita mia anaona mdomo umeshafunga ndio neno linafika. Na majirani hawalali, wanasikia mapenzi ya watu usiku kucha. Ndio kampuni ya RCA ikatoa hizi ndogo za kuning'iniza zenye sauti ya kila mtu yake, na baada ya vita vya pili zikaenea kila mahali. Kufika 1958 Marekani walikuwa na draivini zaidi ya 4,000.

Na ukifikiria vizuri sisi huku tulikuwa na bahati kuliko wao. Kwao wakati wa joto jua linazama karibu saa tatu usiku, filamu inaanza watoto wamelala. Sisi tuko kwa ikweta, kufika saa moja jua liko ndani mwaka mzima, saa moja na nusu unaanza. Ila jaribu kuwasha projekta hapa Kisumu kando ya ziwa, vile vijidudu vya ziwani vikiona mwanga! Nimewahi kuweka TV nje ya duka siku ya fainali, kufika nusu ya pili skrini haionekani, tunapangusa na ufagio.

Mkuu wa Section 58, kabla mambo mengine, chukua betri ya tochi moja, ya volti 1.5. Gusisha waya mmoja huku na mwingine huku, mguso mfupi tu. Ukisikia "tak", koili iko hai. Usijaribu kuunganisha na stima ya ukuta, nakuomba.

MamaWaMumias

Nawasoma hapa natabasamu tu. Sisi hiyo ya magari hatukuijua, magari yenyewe kijijini yalikuwa mawili, la padri na la mwenye duka. Kwetu ni sinema ndio ilikuja na gari.

Ilikuwa Land Rover na kipaza sauti juu. Inapita mchana sokoni inatangaza, leo usiku uwanja wa shule, sinema ya bure, na hapo hakuna mtoto anasikia tena akitumwa maji. Jioni wanasimamisha miti miwili wanafunga kitambaa cheupe, jenereta inaanza kunguruma, na wilaya nzima imekuja na vigoda na watoto mgongoni. Kwanza matangazo ya sabuni, ya dawa ya kichwa, ya majani chai. Halafu tunaonyeshwa jinsi ya kuchimba choo. Halafu ndio kichekesho kidogo, mtu anaanguka kwa matope, na hicho kidogo ndio tunakiongelea mwezi mzima.

Sasa watu walikuwa wengi hadi upande mmoja ukajaa, sisi wadogo tukafukuzwa na wakubwa tukaenda kukaa nyuma ya kitambaa. Unaona vizuri kabisa, ila kila kitu kimegeuka. Maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto, na watu wote wanakula na mkono wa kushoto, wanasalimiana na wa kushoto, wanapiga mswaki na wa kushoto. Mimi na dada yangu tulirudi nyumbani tukamwambia nyanya kwamba Wazungu wote ni mashoto. Nyanya akasema alijua tu kuna kitu hakiko sawa nao.

Mwambie mama yako salamu. Mwanamke akisema rudisha kwa gunia kuna hadithi hapo, usimharakishe.

KijanaWaBondeni

Mama umeniua na mashoto 😂

Mimi nakumbuka hapa Nakuru ilikuwa Odeon na Eros lakini hizo ni za kuingia na miguu, na hata hizo nilizipata zikiwa zinaishia. Sisi tulikulia video. Chumba cha mabati, bench, TV moja imefungwa kwa kisanduku cha chuma kama mfungwa, shilingi tano, filamu za karate mbili kwa tiketi moja. Alafu baadaye DJ Afro akija kutafsiri, hiyo sasa ilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe. Kumbe wazee wetu walikuwa na spika ya kila mtu kwa gari yake? Na wanatuambia waliteseka!

Kwani hizo draivini zilifungwa juu ya nini?

MstaafuNjoro

Video ndio ilianza kuwapunguza, Fundi anajua, miaka ya themanini kila mwenye pesa alikuwa anakodisha kanda anatazama kwa kochi. Halafu TV ikaongezeka, KTN ikaja 1990. Na kufika hiyo miaka ya tisini, Nairobi wizi wa magari ulikuwa umezidi, sasa nani anataka kukaa gizani ndani ya gari na vioo wazi nusu? Mimi niliacha kwenda hapo. Lakini ukiniuliza mimi kilichomaliza kabisa ni shamba. Ekari zote hizo kando ya barabara kuu, mchana hazifanyi kitu, zinalala kama ng'ombe, usiku zinaingiza gari chache. Mwenye shamba akipiga hesabu ya magorofa huwezi kumlaumu. Ingawa mimi namlaumu.

Wahindi ndio walishika mpaka mwisho. Siku ya filamu za Kihindi ukichelewa hupati nafasi. Wanakuja familia nzima, pikapu inageuzwa matako mbele, wanatandika godoro nyuma, chai kwa chupa, sambusa, nyanya yao katikati kama malkia. Sisi tukiegesha karibu nao makusudi, na ilikuwa lazima watupitishie sahani, hiyo ilikuwa sheria.

MtuWaSection58

Wadau. Kaeni chini.

Nilifanya ya betri, ikafanya tak. Nikampigia fundi jirani, akaleta ile redio ya gari ya zamani na betri, tukaunganisha huo waya wenye ndevu hapo nje kwa veranda. Ilikuwa saa saba, habari inasomwa. Sauti ikatoka kama mtu anaongea ndani ya sufuria lakini ikatoka, na ilikuwa juu sana.

Mathe akatoka jikoni na mikono ya unga. Hakusema kitu. Akanyoosha mkono akapunguza sauti. Nataka muelewe vile alifanya, kile kinobu kiko chini kwa kivuli, mimi mwenyewe nilikuwa nakitafuta na vidole kila saa. Yeye hakuangalia hata. Aliangalia mbele kwa ukuta wa jirani, mkono ukaenda wenyewe. Halafu akakaa kwa kigoda na kusema "baba yako alikuwa mjinga sana."

Hii ndio hadithi na mimi naandika vile aliniambia.

Ilikuwa mwisho wa 1977, ana mimba ya brathe yangu (huyu wa polisi). Mzee alitumwa Nairobi Jumamosi kupeleka mzigo na 404 pikapu ya kampuni, na alikuwa anatakiwa kurudi siku hiyo hiyo. Akambeba mathe kisiri ati aende asalimie dada yake Ziwani. Wakashusha mzigo mapema. Mzee akasema, leo nitakuonyesha kitu. Alikuwa amesikia kwa madereva wengine.

Shida ni kwamba pikapu ilikuwa imeandikwa jina la kampuni kwa milango yote miwili, herufi kubwa. Mzee akachukua leso mbili za mathe, akabana moja kwa kila mlango na kioo, zikaning'inia nje zikafunika jina. Mathe anasema mlinzi wa getini aliangalia zile leso, akamwangalia mzee, akamwangalia yeye na tumbo, akafungua.

Filamu ilikuwa ya Kihindi. Hakuelewa neno lakini anasema alilia tangu wimbo wa pili. Mzee ndio alikuwa anashika mambo ya spika, lakini hakujua kupunguza, akawa anapunguza yeye. Walinunua chipsi pakiti moja. Anakumbuka chumvi ilikuwa nyingi.

Halafu katikati, pakiwa pamenoga, mzee akanyamaza akashuka chini kwa kiti kama mtu anatafuta sarafu. Mathe akauliza nini. Akaonyesha na kidevu. Gari ya tatu mbele, mtu ametoka ananyoosha miguu, anaelekea kantini na watoto wawili. Bosi. Bosi mwenyewe wa Nakuru, na watoto wake, huko Nairobi!

Mathe anasema kama mzee angekaa tu vile alikuwa, hakuna mtu angemwona, giza lilikuwa zito na leso zilikuwa zinafanya kazi yake. Lakini aliwasha gari. Bila taa. Akarudi nyuma kutoka kwa tuta, na hapo ndio ikafanya "taa!" vile Mzee wa Njoro amesema, mathe akadhani wamepigwa risasi, akapiga nduru, kioo kikapasuka, na hiyo kitu ikamwangukia mzee kwa mapaja na waya wake kama nyoka. Hawakusimama mpaka Uthiru. Leso moja ilipotea njiani na mathe bado anaijua hata rangi, ilikuwa ya zambarau yenye korosho.

Kwa kampuni mzee alisema ni jiwe la lori pale Gilgil. Walimkata pesa ya kioo miezi miwili. Na spika aliogopa kurudisha, aliogopa kutupa, ndio akaifunga mafundo matatu.

DogoKiamunyi

SINA MANENO. Leso kwa mlango aki 😭😭😭 huyo mzee ni shujaa

FundiKondele

Mkuu hiyo spika isitoke hapo nyumbani. Nitakuelekeza jinsi ya kuweka waya mpya bila kuharibu hiyo mpira ya zamani, pima kwanza omu zake, nyingi za hizo ni kama 4 hivi, kwa hivyo kiampu kidogo cha bei rahisi kinatosha. Karatasi ya ndani ikiwa imepasuka tunaziba na gundi na karatasi ya chujio la chai, usicheke, inafanya kazi.

MstaafuNjoro

1977 mwisho wa mwaka, filamu ya Kihindi, Jumamosi. Inawezekana nilikuwa hapo. Na kama ni mimi nilipiga honi kwa gari iliyotoka bila taa naomba msamaha kwa marehemu.

Lakini kijana hujatuambia. Sasa kwa nini mama anakasirika mpaka leo? Hiyo ni hadithi ya kuchekesha.

MtuWaSection58

Ndio hiyo nilikuwa nafikia. Hakasirikii spika. Anakasirika kwa sababu hakuona mwisho.

Anasema alimwuliza mzee, sasa iliishaje? Na mzee, badala ya kusema sijui, akamtungia mwisho wakiwa njiani, wakishuka Limuru usiku na kioo kimepasuka baridi inaingia. Mathe akaamini. Baada ya mwaka akamwuliza tena, mzee akasahau alisema nini, akatunga mwingine. Hapo ndio akajua. Lakini aliendelea kumwuliza, kila wakigombana kidogo, ama stima ikipotea, na kila mara ulikuwa mwisho tofauti. Kuna mwaka walioana wote. Kuna mwaka mama mkwe aliungua. Mwaka wa kustaafu kwake yule mwenye masharubu aligeuka akawa polisi. Sisi kwa chumba kile kingine tukisikia wanacheka usiku hatukujua ni nini.

Kwa hivyo naomba, kama kuna mtu anajua filamu za Kihindi za miaka hiyo. Anachokumbuka ni hiki: ndugu wawili wanapotezana wakiwa wadogo, mmoja anakuwa tajiri mmoja anakuwa mwizi, kuna mama kipofu, kuna treni, na wanapenda msichana mmoja.

KijanaWaBondeni

Buda hiyo ni filamu ZOTE za Kihindi

MamaWaMumias

Mwulize kama kuna kitu kingine anakumbuka, kitu kidogo. Wimbo, nguo, mnyama.

MtuWaSection58

Nimemwuliza. Anasema kulikuwa na mbwa mweupe. Wakati mzee anawasha gari, huyo mbwa alikuwa ameanza kuvuka daraja, na upande wa pili treni inakuja.

DogoKiamunyi

Kwani mbwa alikufa??

MtuWaSection58

Ndio ananiuliza hivyo hivyo hapa.